Amenukuliwa mara elfu ngapi? Haya, aligundua nini?

Msimu wa mabango umefika tena. Kila ikifika Septemba au Oktoba, magrupu ya WhatsApp ya watu wa afya hapa Mombasa hujaa picha za watafiti waliovaa suti, nembo ya taasisi kwenye kona, na maandishi ya dhahabu: "Miongoni mwa asilimia 2 ya wanasayansi bora duniani." Chini yake idadi ya mara alizonukuliwa, yaani mara ambazo watafiti wengine wametaja makala zake katika zao, chini yake tena h-indeksi, tarakimu inayotolewa kwenye nukuu hizo. Bango lililonikera safari hii lina kila kitu, hata jina la aliyelichora, ila halisemi mwenyewe alichunguza nini. Malaria? Uzazi wa mpango? Kipindupindu? Hamna. Na kule chini ni mashallah juu ya mashallah, hongera daktari, umetutoa kimasomaso. Kwa lipi, hakuna aliyeuliza.

Mwenye picha simlaumu. Watu wa afya ya jamii wa Pwani wana kazi za kujivunia, na yamkini zake ni miongoni mwazo. Ninaowalaumu ni waliolipanga bango, na sisi tunaolisambaza, tunaochukua kazi ya miaka na miaka tukaibakisha tarakimu mbili tatu, kisha tukaridhika.

Kwanza tuiweke sawa hiyo asilimia 2. Orodha hiyo hutengenezwa na John Ioannidis wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake, kwa data za Scopus, hazina ya kumbukumbu za makala za kisayansi, ambayo ni mali ya kampuni ya uchapishaji ya Elsevier. Ilianza kuchapishwa 2019. Kwa hivyo "Stanford imemchagua" ni maneno ya mchora bango. Hakuna kamati iliyokaa ikasoma kazi za mtu. Ni hesabu ya vipimo sita vya kunukuliwa, na vitatu kati yake huangalia kama mtu aliandika peke yake, alikuwa wa kwanza au wa mwisho kwenye orodha ya waandishi. Tena orodha ziko mbili, moja ya kazi ya maisha yote na nyingine ya mwaka mmoja, na hiyo asilimia 2 huhesabiwa ndani ya tawi la fani ya mtu. Bango halisemi ni ipi. Ile ya maisha yote ina hata marehemu. Ina pia safu inayoonyesha nani anajinukuu mwenyewe, na tangu 2024 safu ya makala zilizofutwa. Safu hizo sijaziona kwenye bango lolote.

Sasa hiyo h-indeksi inayotajwa kwa heshima zote. Iliasisiwa 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Unapanga makala za mtu kuanzia iliyonukuliwa zaidi, unahesabu kushuka, unasimama pale nafasi ya makala inapozidi idadi ya mara ilizonukuliwa. Chukua mtafiti mwenye makala kumi zilizonukuliwa mara 120, 45, 30, 12, 9, 7, 6, 5, 2 na 0. Ya sita imenukuliwa mara 7, inatosha. Ya saba imenukuliwa mara 6, haitoshi. H-indeksi yake ni 6. Sasa ile ya kwanza, badala ya 120, iwe imenukuliwa mara 4,000, yaani iwe ni makala iliyogeuza matibabu duniani. H-indeksi yake? 6 ile ile. Lakini akimwomba rafiki yake ainukuu ile ya saba mara moja tu, anapanda mpaka 7. Nukuu 3,880 za haki hazikumsogeza, nukuu moja ya kuombana imemsogeza. Na kipimo hiki hupanda tu, hakishuki, hata mtu akiacha utafiti akafungua duka la leso Biashara Street.

Makala ya namna hiyo si ya kubuni, tunayo hapo Kilifi. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya jaribio la vyandarua vilivyotiwa dawa kwa watoto wa Kilifi: vifo vya watoto vilipungua kwa asilimia 33, na kulazwa kwa malaria kali kwa asilimia 44. Lilitoka katika Tropical Medicine and International Health, jarida lililokuwa katika mwaka wake wa kwanza. Mkuu wa idara wa leo angemwambia mwandishi apeleke kwenye jarida kubwa linalonukuliwa sana. Kisha matokeo hayo yakaunganishwa na ya majaribio mengine ya Afrika katika mapitio ya Cochrane, yaani kazi inayokusanya majaribio ya jambo moja na kuyajumlisha. Hesabu ya jumla katika toleo la 2004 ilikuwa kwamba vyandarua hupunguza vifo vya watoto kwa takriban asilimia 17, yaani karibu watoto 5.5 wanaookolewa kila mwaka katika kila 1,000 wanaolindwa. Tangu hapo mwandishi anayetaka kusema vyandarua huokoa maisha hunukuu mapitio, hanukuu Kilifi. Jaribio limemezwa na kazi iliyojengwa juu yake, na kadiri linavyozidi kukubalika ndivyo lisivyotajwa. Mwaka 2006 Kenya ikagawa vyandarua milioni 3.4 bure, na 2007 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa kuvigawa bure au kwa bei ya chini sana, likiutolea mfano ushahidi wa Kenya. Mama aliyepokea chandarua hakumnukuu mtu. Katika h-indeksi ya kila mwandishi wa makala ile, kazi yote hiyo ni moja, sawa na makala nyingine yoyote iliyopita mstari.

Lakini kisa ambacho kila anayebandika mabango Mombasa angepaswa kukijua kichwani ni cha depo, ile sindano ya uzazi wa mpango, kwa sababu kilianzia hapa mjini.

Mwaka 1993, katika kliniki ya manispaa ya magonjwa ya zinaa pale Ganjoni, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha Washington walianza kuwafuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Asiye na VVU aliandikishwa, akawa anarudi kila mwezi: maswali kuhusu kondomu na njia ya uzazi wa mpango anayotumia, kuchunguzwa, sampuli za magonjwa ya zinaa, damu ya kupima VVU. Mwezi baada ya mwezi. Mwaka 1998, katika Journal of Infectious Diseases, walichapisha kwamba wanaotumia depo walikuwa wakiambukizwa VVU kwa kasi ya karibu mara mbili ya wasiotumia. Baada ya kurekebisha hesabu kwa tofauti nyingine za wanawake hao ilibaki mara 2.0, na mipaka ya kitakwimu ya makadirio hayo ni 1.3 hadi 3.1.

Hapo nukuu zikaanza kumiminika, na hapo ndipo idadi yake inapoanza kudanganya. Wako walioinukuu kama onyo. Wako walioinukuu ili kuipinga. Wako walioinukuu kwa sababu tu walihitaji sentensi ya kufungulia utangulizi. Wapinzani walikuwa na hoja nzito: mwanamke hapewi depo kwa bahati nasibu, huichagua mwenyewe, na anayeichagua si sawa na asiyeichagua. Aliyedungwa ana uhakika hatashika mimba. Huenda akailegeza kondomu, na akiulizwa kliniki anasema aliitumia, maana nani ataka kugombezwa na sista? Takwimu zinaweza kurekebisha kile tu kilichosemwa kweli. Tafiti nyingine zikafuata, baadhi hazikuona kitu. Mwaka 2011 uchambuzi wa jozi 3,790 za wapenzi katika nchi 7 za Afrika, ambao mmoja ana VVU na mwenzake hana, ukaona tena hatari mara mbili. Shirika la Afya Duniani mwaka 2012 likasema depo iendelee bila kizuizi, yaani ibaki daraja la kwanza, lakini kondomu isisitizwe. Mwaka 2017 likaishusha hadi daraja la pili kwa wanawake walio katika hatari kubwa, yaani faida kwa kawaida huzidi madhara, lakini waelezwe. Fikiria nesi wa kituo cha afya anayeulizwa "Ati sista, depo yaleta ukimwi?" huku mwongozo wenyewe unabadilika kila baada ya miaka michache.

Mwisho wake likafanywa lile lililokuwa likiitwa halifanyiki: jaribio la kuwagawia wanawake njia za uzazi wa mpango kwa bahati nasibu. Liliitwa ECHO. Wanawake 7,829, vituo 12 katika Eswatini, Kenya, Afrika Kusini na Zambia, na cha Kenya kilikuwa Kisumu. Kila mmoja akapangiwa kwa bahati nasibu sindano ya depo, kitanzi cha shaba, au kipandikizi. Liliundwa liweze kunasa ongezeko la hatari la asilimia 50. Matokeo yakatoka kwenye Lancet Juni 2019: hatari ya VVU kwa depo ikilinganishwa na kitanzi ilikuwa mara 1.04, ikilinganishwa na kipandikizi, mara 1.23, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusemwa ipo. Agosti mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likairudisha depo daraja la kwanza. Na katika makundi yote matatu, wanawake 397 waliambukizwa, karibu 4 katika kila 100 kwa mwaka. Hilo ndilo lililopaswa kuwanyima mawaziri usingizi, lakini magazeti yalishughulika na depo.

Haya, niambieni. Makala ya Ganjoni ya 1998 ilikuwa na athari au haikuwa nayo? Mchora bango atajibu kwa idadi. Mimi nasema athari yake ni kubwa kuliko idadi hiyo, na haiko pale anapoitafuta. Haikubaki kuwa jibu. Iliuliza swali zito kiasi kwamba ulimwengu ulibishana miaka 21, ukabadilisha mwongozo mara kadhaa, na hatimaye ukalazimika kufanya jaribio ghali ambalo wengi walidhani haliwezekani. Mtafiti ambaye kazi yake imezaa jaribio lililompinga amefanya jambo la maana kuliko mwenye makala hamsini ambazo hakuna aliyejisumbua kuzipinga. Na swali hilo lilitoka kwa wanawake wa mji huu waliorudi kliniki kila mwezi, ambao majina yao hayako na hayatakuwa kwenye orodha ya waandishi wala kwenye bango. Kwa faida ya sista aliyeulizwa: kwa ushahidi wa 2019, depo haikuonekana kuongeza hatari ya VVU kwa kiwango ambacho jaribio lingeweza kukinasa, lakini pia haikingi. Anayetaka kinga ni kondomu, na PrEP, yaani dawa ya kuzuia VVU kabla ya kuambukizwa, kwa anayeihitaji. Anayemjibu mteja kwa makala ya 1998 kwa sababu ina nukuu nyingi anamdanganya bila kujua.

Kupima athari kwa idadi ya nukuu ni kama kupima harusi kwa hesabu ya sahani za pilau zilizotoka jikoni: zilizoliwa, zilizorudi na zilizobebwa vifukoni zote zimo. Jaribio la FEAST la 2011, ambalo Kilifi ilishiriki pamoja na vituo vya Uganda na Tanzania, lilionyesha kwamba kuwapa dripu ya haraka watoto wenye homa kali na dalili za mshtuko kuliongeza vifo: ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi mawili yaliyopewa, dhidi ya 7.3 kwa wasiopewa. Watoto 3,141. Baadhi ya nukuu za mwanzo zilikuwa za madaktari waliokasirika na wasioamini, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu huduma ya dharura kwa watoto ulisubiri mpaka 2016. Nukuu za hasira nazo zinahesabiwa. Makala ya Andrew Wakefield ya 1998 kuhusu chanjo na usonji, iliyofutwa na Lancet mwaka 2010, ina nukuu ambazo mtafiti mwaminifu wa Pwani hatazifikia maishani mwake.

Anayetaka kujua athari ya mtafiti kwa kweli ana kazi ya jioni mbili, si zaidi. Achukue makala moja, siyo jina zima. Afungue orodha ya zilizoinukuu, aipange kwa tarehe, maana ukiacha ipangwe kwa umaarufu utaona wakubwa tu. Asome ishirini, na katika kila moja aitafute ile sentensi yenye nukuu yenyewe, asiishie kwenye orodha ya marejeo. Aweke alama: ametumia matokeo, ametumia mbinu, anapinga, au amepita tu. Waliopita tu huwa wengi, nao hujificha kwenye aya ya kwanza ya utangulizi wakiwa watano sita kwenye mabano mamoja. Kisha aangalie kama makala iliingia kwenye mapitio ya kimfumo, na katika mchoro wa matokeo kisanduku chake ni kikubwa au kidogo, kwa sababu ukubwa huo ndio uzito wake katika hesabu ya pamoja. Kisha afungue miongozo ya Wizara ya Afya na ya Shirika la Afya Duniani, hasa viambatisho vya ushahidi ambavyo hakuna anayevisoma. Sehemu kubwa ya hati za namna hiyo haimo katika hesabu za Scopus, kwa hiyo makala inaweza kubadilisha dawa inayotolewa hospitali ya Makadara hapa Mombasa na isiongeze nukuu hata moja. Mwisho ahakikishe haikufutwa. Makosa mawili hutokea sana hapa: kusoma muhtasari pekee, na kuchanganya nukuu za makala yenyewe na za toleo la awali lililowekwa mtandaoni kabla ya kupitiwa na wataalamu wengine.

Nitakubali jambo moja, kwa shingo upande. Kabla ya tarakimu hizi watu walikuwa wakipandishwa vyeo kwa kujulikana ni watoto wa nani. H-indeksi haina mjomba. Msichana wa Likoni asiye na mtu kwenye kamati anaweza kuiweka mezani na wakakosa la kusema. Kwa hilo naipa haki yake, na kwa hilo tu: inathibitisha kwamba mtu aliandika na wengine wakamwona.

Mengine nayapitia mbio. Mtafiti wa funza hatampata wa VVU kwa nukuu hata akeshe, kwa sababu wanaoandika kuhusu funza duniani ni wachache. Kuwalinganisha ni uonevu. Makala kubwa za mzigo wa magonjwa duniani zina mamia ya waandishi, na kila mmoja huondoka na nukuu zote nzima, aliyeandika na aliyetuma jedwali moja kwa baruapepe. Katika miradi ya pamoja na wageni, wetu wengi huishia katikati ya orodha, mahali ambapo hata hesabu ya Ioannidis haiwaoni vizuri. Majarida ya kitapeli yanayopokea dola leo na kuchapisha wiki ijayo yamejaa kwenye wasifu wa watu tunaowapigia makofi. Na ule msemo wa kizuri chajiuza hauna nafasi hapa: kizuri kilichofungiwa nyuma ya malipo hakijiuzi kwa nesi wa Mtongwe anayesoma kwa simu. Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kuzifungulia nchi maskini majarida ya afya, ulioanza 2002, husaidia, lakini hupitia taasisi iliyojisajili, na nywila mara nyingi anayo mtu mmoja aliye likizo.

Lipo la majina, na hili ni la kwetu hasa, kwa hivyo wanaoanza wasikilize. Majina yetu ni la mtu, la baba, la babu. Mifumo inataka jina la ukoo. Tuseme mtu anaitwa Fatma Salim Bakari. Makala moja itamwita Bakari FS, nyingine Salim F, ya tatu Bakari F, na Scopus itamfanya watu watatu wenye h-indeksi ndogo ndogo. Upande wa pili, Ali M anaweza kuwa Mohamed, Mwanaisha na Mustafa, wote katika wasifu mmoja, mmoja wao akila sifa za wawili. Chagua namna moja ya kuandika jina kabla ya makala ya kwanza na usiibadilishe, hata ukiolewa. Jisajili ORCID, namba ya utambulisho ya mtafiti, ipo tangu 2012, ni bure, utapewa tarakimu 16. Ziweke kwenye kila makala unayowasilisha, na mwambie mwandishi mkuu aweke za kila mmoja wenu, siyo zake peke yake. Scopus wana fomu ya kuomba wasifu uliogawanyika uunganishwe. Ambatanisha orodha ya makala, usitume malalamiko matupu. Kwenye Google Scholar ingia mipangilio uzime kuongezewa makala kiotomatiki, uchague kuulizwa kwanza kwa baruapepe. Ukiiacha wazi, ipo siku wasifu wako wa afya ya uzazi utakuwa na makala tatu za zege la madaraja, na mchora bango atazihesabu.